Kashata zinamomonyoka, visheti vinalainika: jibu kwa mama wa Iringa anayejiandaa kwa Idi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iringa mjini. Idi iliyopita niliamua kutengeneza mwenyewe vitu vya kugawa kwa majirani na walimu wa madrasa badala ya kununua. Kashata za nazi nilipika kwa kipimajoto, nikasubiri shira ifike nyuzi 115 kama nilivyoelekezwa, lakini nilipozikata zikamomonyoka. Visheti nilivichemshia shira kwa dakika kumi. Siku ya pili vikawa laini na vinanata. Safari hii nataka watoto wanisaidie, ubuyu uwemo, na vyote vifungwe vizuri bila gharama kubwa. Nianzie wapi? Halafu kuna jirani yetu mzee ana kisukari, yeye nimpelekee nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja vipimo vyako. Mtu akiniambia tu kwamba kashata zimeharibika, nabaki kubahatisha. Ukiniambia nyuzi 115 na dakika kumi, naona kilichotokea. Mapishi uliyopewa hayana ubaya. Kilichokuangusha ni shira, mara zote mbili, kwa njia mbili tofauti. Mara ya kwanza ilipita kiasi, mara ya pili haikufika.

Tuanze na kashata. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku pwani maji yanachemka yakifika nyuzi 100. Huko kwenu hewa ni nyepesi, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Shira ni maji yenye sukari, nayo inafuata mkondo huohuo: kila hatua yake inashuka kwa zile nyuzi tano. Aliyekupa 115 alikuwa akipika Tanga, Mombasa au Unguja. Wewe ulipoisoma 115, kwa hesabu ya pwani shira yako ilikuwa imeshafika 120. Maji yalikuwa yamekwisha mno, na nazi ikakosa cha kuishikanisha. Tena nazi inayofika Iringa imesafiri siku kadhaa, mara nyingi ni kavu kuliko ile iliyoangushwa asubuhi, na ukavu huo ukaongeza tatizo.

Kabla hujapika tena, kipime kipimajoto chenyewe. Kichovye kwenye maji yanayotokota, kisiguse chini ya sufuria, uone kinasema ngapi. Kikisema 95, toa tano kwenye kila namba ya shira utakayoikuta kwenye mapishi ya pwani.

Zile dakika kumi za visheti nazo zisikushughulishe tena. Muda wa shira unategemea upana wa sufuria, ukali wa moto na kiasi cha maji uliyotia. Sufuria pana juu ya jiko la mkaa lililokolea itamaliza kazi wakati sufuria nyembamba juu ya moto mdogo wa gesi bado inaanza kutoa mapovu. Wapishi wa pwani waliofundishwa na mama zao hawatazami saa. Wanatazama shira.

Na wewe jifunze hivyo, maana kipimo hiki hakijali uko bondeni au mlimani. Weka pembeni bakuli la maji ya baridi sana. Shira ikianza kuwa nzito na mapovu yake yakawa makubwa na ya uvivu, chota kidogo kwa kijiko, ipoe kidogo, kisha ishike kati ya kidole gumba na cha shahada uvitanue taratibu. Ikikatika hapohapo, bado. Ikitoa uzi mmoja mwembamba unaovutika kabla ya kukatika, umefika hatua ya uzi. Endelea kidogo, kisha dondosha tone kwenye lile bakuli la maji: likitulia chini na ukaweza kulikusanya kwa vidole likawa kidonge laini kinachobonyea, hiyo ni hatua ya pili. Ukiiacha mpaka tone linagonga ukingo wa bakuli na kuvunjika likiumwa, hiyo ni sukari ngumu. Hatua hizi tatu ndizo msingi wa karibu kila kitu unachotaka kukitengeneza. Kabla ya kuanza Idi yako, tenga kikombe kimoja cha sukari ya kujifunzia tu. Chemsha, pima, angalia, rudia. Haitakuwa hasara.

Jambo lingine ambalo wengi hawaelezwi ni kazi ya ndimu. Sukari iliyoyeyuka inapenda kurudi kuwa chenga. Ukikamulia ndimu, asidi yake inaivunja sukari hiyo kuwa glukosi na fruktosi, na vipande hivyo vinazuia chenga zisijipange upya. Kwa hiyo shira ya kaimati, inayotakiwa ibaki inang'aa, inapewa ndimu. Shira ya visheti haipewi, kwa sababu visheti tunataka sukari irudi iwe chenga, igandie juu yake, nyeupe na kavu. Kama safari ile ulikamulia ndimu kwenye shira ya visheti kwa sababu mapishi mengine yanasema hivyo, basi ulikuwa na sababu mbili za kunata.

Sasa tupike. Kikombe ninachokitaja ni cha robo lita.

Kashata za nazi: nazi mbili kubwa zilizokunwa, ambazo zitakupa kama vikombe vinne, sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Una mbuzi ya kukunia nazi nyumbani? Basi zikune nazi mwenyewe kwa mbuzi hiyo, usitumie ile ya pakiti iliyokaushwa. Inanyonya shira na kumomonyoka vilevile. Na ukifika kwenye ile ngozi ya kahawia acha kukuna, kashata zitoke nyeupe. Kama nazi zako ni kavu, zinyunyizie vijiko vitatu vya maziwa au tui dakika chache kabla.

Chemsha sukari na maji bila kukoroga baada ya sukari kuyeyuka. Ikifika hatua ya uzi, tia nazi, chumvi na iliki, punguza moto. Nazi inaleta maji yake, kwa hiyo kuanzia hapo kipimajoto kiweke kabatini. Koroga kwa mwiko, ukikwangua chini, mpaka uone mambo mawili: mchanganyiko unaachia sufuria na kuufuata mwiko kwa pamoja, na ukipitisha mwiko katikati, chini ya sufuria panabaki wazi kwa muda kidogo kabla ya kujifunika. Hapo epua mara moja. Wengi wanaongeza "dakika moja tu ya kuhakikisha", na dakika hiyo ndiyo inayozivunja. Mimina kwenye sinia uliyoipaka mafuta kidogo, sawazisha unene wa sentimita moja na nusu, kisha uchore mistari kwa kisu kungali moto. Zikipoa, zikate kwa kufuata mistari ileile. Ukitaka na za waridi, gawa mchanganyiko mara mbili kabla ya kuumimina, nusu moja uitie tone la rangi ya chakula.

Ukiona bado zinamomonyoka, zirudishe zote sufuriani na vijiko vinne vya maziwa, pasha kwa moto mdogo mpaka zilainike, umimine upya. Kashata iliyopita kiasi bado inaokoka.

Visheti: unga wa ngano nusu kilo, samli ya moto vijiko vinne vya chakula, chumvi, iliki, na maji au maziwa ya vuguvugu unayotia kidogokidogo mpaka upate donge gumu kuliko la chapati. Samli uifikiche kwanza kwenye unga kwa vidole mpaka ukiubana unashikana. Hapa ndipo watoto waingie. Kata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kila mtoto apewe uma safi au kikwaruzo cha karoti, abonyeze kipande kwa kidole na kukivuta kuelekea kwake. Kitajikunja na kubaki na mistari mgongoni. Mistari hiyo si urembo mtupu: ndiyo inayoikamata sukari. Wa miaka sita anaweza, na atafanya kwa raha kuliko wewe.

Kaanga kwa moto wa wastani, si mkali. Visheti vilivyoungua haraka nje vinabaki na maji ndani, na maji hayo yanatoka usiku na kulainisha kila kitu. Hii nadhani ilichangia kwako. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, vichuje, viache vipoe kabisa. Ukivunja kimoja kiwe kikavu mpaka katikati. Kisha chemsha sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja mpaka shira ipite uzi na iwe inakaribia kidonge laini. Epua, mwaga visheti vyote ndani, na ugeuzegeuze bila kupumzika. Kwa muda utaona haibadiliki, utashawishika kuamini umeshindwa. Endelea. Ghafla shira inapoteza mng'ao, inakuwa na ukungu, kisha inageuka nyeupe na kila kisheti kinajitenga na mwenzake. Vitandaze kwenye sinia. Sauti yake vinapogongana itakuambia kwamba vimekauka.

Ubuyu ni furaha yako ya bure, kwa sababu unakaa karibu na mibuyu yenyewe. Ukishuka Kitonga kuelekea Morogoro, eneo la Ruaha Mbuyuni na bonde lake limejaa miti hiyo. Ubuyu tunaousifia kuwa wa Zanzibar unapikwa popote penye mbegu nzuri. Chagua mbegu zenye unga mwingi, mweupe wa maziwa, usio na harufu ya uvundo. Kwa nusu kilo, chemsha sukari kikombe kimoja na nusu na maji kikombe kimoja na nusu, tia chumvi nusu kijiko cha chai, iliki, pilipili manga, na pilipili ya unga kwa kadiri ya ujasiri wa wageni wako. Shira ikinata vidoleni lakini haijafika uzi, tia ubuyu, koroga kwa moto mdogo mpaka ukauke na ushikane na mbegu. Unga wa ubuyu wenyewe una asidi nyingi, kwa hiyo hautarudi kuwa chenga. Utabaki na unyevunyevu mtamu, na ndivyo unavyotakiwa uwe.

Kuhusu rangi nakusihi sana: tumia rangi iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, kutoka dukani na yenye lebo, wala si unga mwekundu wa kupimiwa kwenye karatasi sokoni. Au fanya ninavyofanya mimi: chemsha kiganja cha maua makavu ya rozela kwenye yale maji ya shira, uyachuje kabla ya kutia sukari. Unapata wekundu wa damu ya mzee na uchachu mzuri juu yake. Ubuyu usiwape watoto wa chini ya miaka mitano. Mbegu zake zinakaba koo. Karanga nzima vivyo hivyo.

Kashata za karanga sikuzisikia kwenye swali lako, lakini zitie kwenye hesabu, zinakaa muda mrefu kuliko zote. Karanga vikombe viwili, zikaangwe, zisuguliwe maganda na kupepetwa; sukari kikombe kimoja iyeyushwe kavu kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali. Changanya haraka, mimina kwenye sinia yenye mafuta, bonyeza kwa kisukumio kilichopakwa mafuta, kata papo hapo. Kabla ya kukaanga, mwaga karanga zote mezani uzichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, asipewe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na karanga ni zao jingine inaloshambulia. Kuzikaanga jikoni hakuiondoi.

Jambo la usalama nitalisema kwa ukali kidogo, unisamehe. Shira ya moto inaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa sababu ina joto zaidi na inang'ang'ania ngozi. Wakati wa shira, watoto wawe chumba kingine wakitengeneza masanduku. Ikitokea mtu ameungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala samli, wala yai. Malengelenge yakiwa makubwa au ni usoni, nenda kituo cha afya.

Masanduku hayo, basi. Nunua karatasi za manila dukani kwenye vifaa vya shule, rangi mbili tatu. Kata mraba wa sentimita 20. Kutoka kila ukingo pima sentimita 5 na uchore mstari kwa rula, ukiukandamiza kwa kalamu iliyoisha wino ili karatasi ikunjike bila kupasuka. Utaona mraba wa 10 kwa 10 katikati na vimiraba vinne kwenye pembe. Kila kimiraba cha pembe kikate upande mmoja tu mpaka mstari, kisha inua kuta, pitisha vimiraba hivyo kwa ndani na uvigandishe. Kifuniko ni hivyohivyo, ila mraba wake ni sentimita 16.4 na mistari iwe sentimita 3 kutoka ukingoni. Kitapata upana wa 10.4 na kukaa juu ya sanduku bila kubana. Gundi pika mwenyewe: uji mzito wa unga wa ngano au muhogo, upoe. Sanduku hilo linabeba kashata tisa za sentimita tatu kwa kila tabaka, na matabaka mawili yanaingia.

Mapambo waachie watoto. Kata bamia kubwa katikati, ikaushe kwa kitambaa, ichovye kwenye rangi ya maji na ugonge juu ya kifuniko: inatoa ua la petali tano ambalo hakuna muhuri wa dukani unaolifikia. Kiazi mbatata kilichokatwa nusu kinachongwa mwezi na nyota, na kuchonga hiyo iwe kazi ya mtu mzima. Rangi iishie nje tu. Ndani tandika karatasi ya kuokea au jani la mgomba ulilolibabua motoni mpaka likalainika, ukalifuta. Usifunge chakula kwa gazeti, wino wake unahamia kwenye mafuta na sukari. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na sioni kama sikukuu imepungukiwa. Kwa kufungia, kamba iliyochanwa kwenye gome kavu la mgomba inapendeza kuliko utepe. Na kwa yule mwalimu au shangazi unayetaka kumheshimu zaidi, hapo Iringa mna vikapu vya milulu, aina ya nyasi, vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe. Kimoja kidogo chenye ubuyu na visheti ndani ni zawadi mbili, na kikapu kitabaki kwake miaka.

Sasa mpangilio. Usipike vyote siku ya mwisho. Masanduku yafanywe wiki mbili kabla, jioni jioni. Kashata za karanga na ubuyu, wiki moja kabla, vikae kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko unaobana. Visheti, siku tatu au nne kabla. Kashata za nazi ziwe za mwisho, siku moja au mbili kabla, kwa sababu nazi inachacha. Ukiziweka kwenye friji zitavumilia wiki. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka mingine itakukuta kiangazi na mingine katikati ya mvua. Wakati wa mvua sukari inavuta unyevu hewani: usifunge kitu kikiwa na uvuguvugu, na masanduku yajazwe asubuhi ya kugawa. Mwandamo wa mwezi ukikuchelewesha siku moja, hakuna kitakachoharibika.

Nimebakisha mzee wako wa kisukari. Usimpelekee visheti vya "sukari kidogo". Vimekaangwa, ni unga mweupe, na sukari kidogo bado ni sukari. Asali na sukari guru navyo si ruhusa. Mtengenezee sanduku lake la kufanana na ya wengine, lenye bamia zilezile kwenye kifuniko, ulijaze karanga na korosho ulizozikaanga kavu kwa iliki na chumvi kidogo sana, au bila chumvi kama ana shinikizo la damu pia. Weka na vipande vya nazi mbichi vilivyokaangwa bila mafuta mpaka vikawa na rangi ya kahawia. Muulize kwanza mwanawe au mkewe kama meno yanaruhusu. Kama hayaruhusu, zitwange karanga hizo ziwe chengachenga, ale kwa kijiko.